Simu ya safari: ipi ununue kama kazi yako iko kwenye barua pepe

Muuzaji wa simu pale Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, ataanza na kamera. Atakupiga picha hapohapo kaunta, aikuze kwa vidole viwili uone sura yako ilivyong'aa. Mwache amalize. Kisha muulize yale yatakayokuhusu ukiwa Mutukula saa nne usiku na mteja anasubiri ankara: inaingia laini ngapi, inakamata 4G ya bendi zipi, betri yake ni ya ukubwa gani, na kioo kikipasuka, kingine kinapatikana?

Mwongozo huu ni wa mtu wa safari za huku kwetu. Mfanyabiashara wa Dar, Nairobi na Kampala, dereva wa lori la Lubumbashi, afisa wa mradi anayezunguka mikoani, na wale wanaofuata mzigo Dubai au Guangzhou. Kazi zenyewe ni za kila siku: kusoma na kutuma barua pepe zenye viambatisho, WhatsApp, kuangalia benki, na kurusha hotspoti kwa kompyuta pale inapobidi.

Kwanza laini mbili, mengine baadaye

Umevuka Namanga, umenunua laini ya Kenya, umechomoa ya Tanzania na kuitia kwenye pochi. Unafungua barua pepe ya ofisi. Mfumo unaona uko mahali pageni, unataka uthibitishe kuwa ni wewe, na unatuma namba ya siri kwa SMS kwenye laini iliyoko kwenye pochi. Benki nayo inafanya hivyohivyo. Ukiirudisha laini ya nyumbani, intaneti inakata. Ukiweka ya Kenya, SMS haiji. Watu wanapoteza nusu siku kwa mchezo huu.

Dawa yake ni laini ya nyumbani isitoke kwenye simu. Ibaki sehemu ya kwanza, data yake umeizima, kazi yake kupokea SMS tu. Ya nchi uliyopo ikae sehemu ya pili na ndiyo ubebe bando lake. WhatsApp haina shida, itaendelea na namba yako ileile hata ukibadili laini ya data. Kabla ya kuondoka, hakikisha mtandao wako umekuwashia romingi, vinginevyo ukishavuka mpaka laini itaonekana ipo lakini haishiki popote. Na usitegemee SMS peke yake. Google inatoa namba kumi za akiba, kila moja ina tarakimu nane; ziandike kwenye karatasi uziweke na pasipoti.

Angalia trei yenyewe kwa macho, usisome boksi tu. Simu nyingi zinazoitwa za laini mbili zina trei ya mseto: sehemu ya pili ni ya laini au memori kadi, chagua moja. Kwa msafiri hilo si tatizo kubwa kama simu ina GB 128 za ndani. Ikiwa na GB 64, utalijutia.

Wanaokwenda China wana sababu ya ziada. Kule Gmail na WhatsApp vimezuiwa, na ukinunua laini ya kule hutavipata. Laini ya nyumbani ikiwa kwenye romingi, data yake hupitia mtandao wa nyumbani, na huduma hizo zinafunguka. Ni ghali, lakini kwa barua pepe tatu za muhimu kwa siku inabebeka.

Bendi

Hapa ndipo simu za mtumba kutoka Marekani zinapowaumiza watu. Kila mtandao hurusha 4G kwa masafa yake, na simu isiyo na masafa hayo haitakamata hata ukisimama chini ya mnara. Kwetu Afrika Mashariki, muhimu ni bendi 3 ya megahezi 1800, inayotumika sana mijini, na zile za chini, bendi 20 ya 800 na bendi 28 ya 700. Masafa ya chini husafiri mbali na kupenya kuta vizuri zaidi, ndiyo maana huko barabarani, katikati ya mji na mji, mara nyingi ndiyo yanayokubeba. Simu ya Android iliyotengenezwa kwa ajili ya kampuni ya Marekani inaweza kuja na bendi zao za 2, 12, 13 na 66 ikakosa bendi 20 kabisa. Itafanya kazi vizuri Posta ya Dar, ukifika Singida unarudi kwenye 3G. Andika jina kamili la modeli mtandaoni, ikiwemo herufi za mwisho, usome bendi zake kabla hujatoa hela.

Namba moja: Samsung Galaxy A16

Haina mbwembwe, na muuzaji atajaribu kukuvusha kwenda ya bei ya juu. Kinachoipa nafasi ya kwanza ni mambo mawili. Samsung iliitoa mwaka 2024 ikaahidi miaka sita ya masasisho, jambo ambalo simu za bei hiyo hazikuwa nalo. Kwa mtu ambaye benki na ofisi yake vimo humo ndani, masasisho ya usalama si urembo. Pili, fundi wa Mbeya, Kisumu au Bukavu anaijua. Kioo, mlango wa chaji, betri, vyote anavyo au ataletewa na basi la kesho.

Betri ni mAh 5000, ambayo kwa barua pepe na WhatsApp inamaliza siku bila wasiwasi. Hotspoti ndiyo itakayoila. Chaji yake ni watt 25, ya wastani, na mara nyingi kichwa cha chaji hakimo kwenye boksi, kwa hiyo kihesabu kwenye bajeti. Chukua ya GB 128 yenye RAM ya 6 kama ipo. Ya 4 hukuchelewesha unapohama kutoka Gmail kwenda kwenye PDF na kurudi.

Ukiwa na uwezo zaidi, A35 au A55 zinakupa eSIM, yaani laini iliyomo ndani ya simu bila kadi, juu ya laini za kawaida na haziogopi maji, kwa kiwango cha IP67. Mtu wa boti ya Zanzibar au wa kuvuka Ziwa Victoria atalipenda hilo. Kwa wengine tofauti ya bei ni hela ya bando la miezi mingi.

Namba mbili: Tecno na Infinix

Kwa betri na bei, hizi zingekuwa juu. Modeli nyingi za Spark na Hot zina sehemu tatu kamili, laini mbili na memori kadi bila kugombaniana, na ofisi za Carlcare, mafundi wao rasmi, ziko miji mikubwa ya ukanda huu. Mbezi hadi Kigoma utakuta mtu ana chaja inayoingia.

Nilichoziteremshia ni tabia yao ya kuua programu kimyakimya ili kutunza chaji. Barua pepe ya saa mbili asubuhi unaiona saa tano, pale unapoifungua Gmail mwenyewe. Hili linatibika: ingia Mipangilio, Programu, Gmail, kisha Betri, uondoe vizuizi, fanya hivyohivyo kwa WhatsApp na programu ya benki. Zima pia matangazo yanayojitokeza kwenye skrini, maana yanakula MB zako. Masasisho huja kwa kusuasua, na baada ya miaka miwili usitegemee mengi. Kama unabadili simu kila baada ya muda mfupi, au safari zako ni za kupanda lori ambako simu huishi maisha magumu, Infinix ya GB 256 ni chaguo bora kuliko Samsung na sitabishana nawe.

Namba tatu: iPhone ya mtumba, 11 hadi 13

Watu wengi wanainunua kwa heshima, na hilo ni lao. Kwa safari ina mazuri ya kweli: masasisho ya muda mrefu (iPhone 11 ya mwaka 2019 ilipata iOS 26 mwaka 2025, ilhali XR na XS ziliachwa), na bendi nyingi, hivyo hata ya Marekani kwa kawaida inakamata 4G yetu.

Shida ni laini. Nyingi zina sehemu moja ya laini ya kawaida, ya pili ni eSIM. Mitandao yetu mikubwa inatoa eSIM, lakini wakala wa mpakani mwenye mwavuli na meza mara nyingi anakuuzia kadi ya plastiki tu. Kwa hiyo kabla hujasafiri, nenda duka la mtandao wako uhamishie laini ya nyumbani kwenye eSIM, sehemu ya plastiki uiache wazi kwa ajili ya laini za ugenini. Kumbuka tu kwamba simu ikizima kabisa njiani, laini ya plastiki unachomoa na kuitia kwenye kitochi (simu ya vitufe) cha mtu. eSIM imekufa nayo.

Sasa sikiliza hili kwa makini, kwa sababu wauzaji hawalitaji. iPhone 14 na kuendelea zilizouzwa Marekani hazina sehemu ya laini kabisa, ni eSIM tupu. Tangu iPhone 17, hata zilizouzwa nchi za Ghuba, Imarati na Oman zikiwemo, ni hivyohivyo. Wale wa kuagiza "simu ya Dubai" mjue mnachoagiza. Kinyume chake, iPhone nyingi zilizouzwa Hong Kong na China bara zina sehemu mbili za laini ya plastiki, isipokuwa zile ndogo za mini. Kwa msafiri hiyo ndiyo iPhone ya kutafuta, ya Hong Kong hasa. Namba ya modeli iko Mipangilio, Jumla, Kuhusu: LL ni ya Marekani, CH ni ya China, ZA kwa kawaida ni ya Hong Kong. Au tu chomoa trei uhesabu.

Angalia afya ya betri. Chini ya asilimia 80, mpunguze bei kwa gharama ya betri mpya. Mwambie muuzaji aifute yote na kuiwasha upya mbele yako. Ikidai akaunti ya mtu usiyemjua, rudisha. Na ukishainunua, tumia programu ya Gmail yenyewe, kwa sababu kwenye Mail ya Apple barua za Gmail hazisukumwi papo hapo, zinafuatwa kwa vipindi.

Namba nne: Pixel ya mtumba

Programu safi, na kuanzia Pixel 8 Google iliahidi miaka saba ya masasisho. Lakini sehemu ya laini ni moja na eSIM, nyingi sokoni ni za kampuni za Marekani, na kioo kikipasuka Tabora utangoja sana. Kwa anayeishi Nairobi na kusafiri kwa ndege, sawa.

Kitochi

Usiondoke bila nacho. Kitochi cha vitufe kitabaki na chaji siku kadhaa, na ni hapo utakapoweka laini ya nyumbani siku simu kubwa itakapoanguka. Usikitegemee kwa intaneti. Vile vya KaiOS vilivyouzwa kama simu janja ndogo vimepoteza WhatsApp: usajili mpya ulifungwa mwaka 2024 na huduma ikakatwa mwaka uliofuata.

Za kuacha dukani

BlackBerry za zamani bado zinaonekana kwenye meza za mtumba, na vitufe vyake vinatamanisha kwa mtu wa barua pepe. Huduma zake zilizimwa tarehe 4 Januari 2022. Huawei za kuanzia Mate 30 ni simu nzuri mno bila huduma za Google, na kuhangaika na Gmail ya ofisi ukiwa safarini si jambo la kujitakia. iPhone 6 na 6 Plus haziwezi tena WhatsApp. Simu isiyo na VoLTE, yaani isiyoweza kupiga simu kupitia 4G, nayo iache kama unakwenda Marekani, ambako mitandao mikubwa ilizima 3G mwaka 2022. Utapata intaneti na usiweze kupiga simu ya kawaida.

Kabla ya kulipa

Nenda na laini zako mbili na bando dogo. Piga *#06#, linganisha IMEI (namba ya utambulisho wa simu) na ya kwenye boksi, kisha itume kwa SMS kwenda 15090 ukiwa Tanzania, au 1555 ukiwa Kenya, uone kama simu inatambulika kuwa halisi. TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, ilizima simu bandia Juni 2016, na bado zipo zinazouzwa. Weka laini zote mbili, washa data ya ya pili, mpigie mtu kwa ya kwanza. Jitumie barua pepe yenye PDF ya MB kadhaa, uifungue. Washa hotspoti uiache robo saa mfukoni huku ukiendelea kupatana bei. Ikichemka au ikishuka chaji ovyo, umeshajua. Toka nje ya duka ufanye hivyo, maana Wi-Fi ya muuzaji inaweza kukudanganya.

Ukifika nyumbani, zima upakuaji wa video wa WhatsApp na upakiaji wa picha kwenda Google kwa kutumia data. Hivyo viwili ndivyo vinavyomaliza bando la watu wengi, wala si barua pepe. Picha hizo pia hujaza GB 15 za bure za Google, ambazo Gmail nayo huzitumia, na zikijaa barua hazipokelewi.

Pawabenki chukua ya mAh 20,000. Ni takriban watt-saa 74, chini ya kikomo cha 100 ambacho mashirika ya ndege huruhusu, na lazima iwe kwenye begi la mkononi, si la kupakizwa. Anayekwenda Kigali, Bujumbura au Lubumbashi abebe na adapta: kule soketi ni za pini mbili za duara, na chaja yetu ya pini tatu za bapa haiingii.