Libby kwa anayeishi barabarani: programu haina shida, shida ni anwani

Dereva wa lori nchini Marekani anaruhusiwa kushika usukani kwa muda wa saa 11, kisha sheria inamtaka apumzike saa 10 mfululizo. Kwa mpenda vitabu hiyo ni ratiba ya kusomea: kitabu kizima cha sauti njiani, na sura moja au mbili kwa macho kabla usingizi haujamchukua kwenye kitanda cha nyuma ya kiti. Ni hivyo hivyo kwa familia iliyouza nyumba ikahamia kwenye gari la kuishi. Hawana rafu, wala hawana uhakika wa kupita tena mji uleule kurudisha kitabu cha karatasi.

Libby ni programu ya simu ya kampuni ya OverDrive ya Ohio. Ilitoka mwaka 2017, na programu ya zamani ya kampuni hiyo ilifungwa mwaka 2023, kwa hiyo ukikuta maelezo yanayokuelekeza kwenye ile ya zamani, yapite. Inaazimisha vitabu vya kusoma, vya sauti na magazeti kutoka maktaba za umma. Haitozi senti, haiombi kadi ya benki, na hakuna faini ya kuchelewa kwa sababu kitabu hujirudisha chenyewe siku ikifika. Ila haikupi hata kitabu kimoja kabla hujaweka namba ya kadi ya maktaba, na kadi ya maktaba hufuata anwani. Hapo ndipo mtu asiye na nyumba hukwama.

Sababu ni fedha. Maktaba nyingi huendeshwa kwa kodi za wakazi wa mji au wilaya yake, hivyo huazimisha wakazi hao kwanza. Anayeishi barabarani muda wote kwa kawaida huweka makao yake ya kisheria Texas, Florida au South Dakota, majimbo yasiyotoza kodi ya mapato, na barua zake hupokelewa na kampuni ya kupokea na kusafirisha barua, kama zile za Livingston, Texas, au Green Cove Springs, Florida. Karani wa maktaba akiona anwani hiyo anajua mara moja si nyumba. Wengine watakupa kadi, wengine watakataa katakata, na hakuna haja ya kubishana naye, kanuni hakuitunga yeye.

Njia nzuri zaidi ni kutafuta maktaba kubwa inayomhudumia mkazi yeyote wa jimbo, si wa mji wake tu. Mwenye leseni ya Texas anaweza kupata kadi ya Houston Public Library bure hata kama makaratasi yake yanasoma mji ulio mamia ya maili kutoka Houston. Mkazi wa jimbo la New York ana haki ya kadi tatu: New York Public Library, Brooklyn na Queens. Mkazi wa California anaweza kuandikishwa Los Angeles na San Francisco, wa Pennsylvania Philadelphia, na wa Massachusetts Boston. Kadi hizi zina thamani kubwa kuliko ya mji mdogo, kwa sababu maktaba kubwa hununua nakala nyingi za kitabu kimoja.

Ukiomba kadi kwa mtandao, iombe ukiwa ndani ya jimbo lenyewe. Fomu kadhaa huuliza simu iko wapi, na ombi la kadi ya New York lililotumwa kutoka kituo cha mafuta cha Nebraska halitapita. Ukienda dirishani, beba leseni ya udereva pamoja na karatasi ya pili yenye anwani ileile, kwa mfano bima au usajili wa gari. Kabla hujaondoka uliza mambo mawili: kadi inakwisha lini, na je, inaweza kuhuishwa kwa simu au barua pepe bila kurudi dirishani? Swali hili la pili ndilo watu husahau, na ndilo linalowagharimu mwaka unaofuata wakiwa maili 2,000 kutoka hapo.

Asiyeangukia kwenye jimbo lolote kati ya hayo anaweza kulipia. Baadhi ya maktaba huuza kadi kwa wasio wakazi. Orange County Library System ya Florida imekuwa ikitoza dola 125 kwa mwaka, nyingine hutoza chini ya nusu ya hapo. Ada hubadilishwa, na maktaba nyingine zimefunga mlango huo kabisa kwa walio nje ya jimbo, kwa hiyo soma ukurasa wa maktaba yenyewe siku hiyohiyo unapotaka kulipa. Je, inastahili? Usajili wa Audible, huduma ya kulipia ya vitabu vya sauti, wa dola 14.95 kwa mwezi hufika dola 179.40 kwa mwaka na hukupa kitabu kimoja kila mwezi. Anayeendesha saa 11 kwa siku humaliza kitabu kimoja kwa siku mbili. Hesabu hiyo haihitaji kalamu.

Wenye watoto wakubwa garini wasisahau mpango wa Books Unbanned. Brooklyn hutoa kadi ya kielektroniki bure kwa vijana wa miaka 13 hadi 21 popote walipo Marekani, na Seattle kwa wa miaka 13 hadi 26.

Libby inapokea kadi za maktaba kadhaa kwa wakati mmoja na kuziweka kwenye rafu moja, na hapa programu inastahili sifa. Unatafuta kitabu, unaona maktaba ipi ina foleni fupi, unaazima huko. Foleni yenyewe ijifunze kuisoma. Ukiona nakala 12 na watu 60 wanaosubiri, kila nakala ina watu 5. Muda wa kuazima ukiwa siku 21, mtu wa mwisho atasubiri hadi wiki 15, ingawa kwa kuwa wengi hurudisha mapema huwa ni chini ya hapo. Watu huuliza kwa nini faili la kompyuta liwe na foleni. Ni kwa sababu maktaba hainunui faili, hukodi leseni: nakala moja, msomaji mmoja kwa wakati mmoja. Wachapishaji wakubwa huuza leseni inayokufa baada ya miaka 2, na HarperCollins ilianzisha mwaka 2011 ile inayokufa baada ya kuazimwa mara 26. Maktaba hulipa kwa leseni ya namna hiyo mara kadhaa ya bei unayolipa wewe dukani, kisha hulipa tena.

Zamu yako ikifika, una siku 3 za kukichukua kitabu. Zikipita, Libby humpa anayefuata na kuahirisha zamu yako kwa siku 7. Ukikosa na mara ya pili, jina lako hufutwa. Anayevuka Nevada au kulala kwenye mbuga isiyo na mtandao hupoteza vitabu kwa njia hii kila wakati, kisha huilaumu programu. Dawa ipo ndani yake: ukiwa kwenye foleni unaweza kuagiza uletewe baadaye, na kuchagua baada ya siku ngapi. Nafasi yako inaendelea kusogea mbele, lakini kitabu hakitakugongea mlango kabla ya tarehe hiyo. Weka foleni vitabu 10, viwili viwe wazi, vinane viahirishwe kufuatana na ratiba ya safari. Bila hivyo vitatu vitafika wiki moja, vyote vya siku 14, na viwili vitaondoka havijafunguliwa.

Baadhi ya maktaba pia huweka nakala za kuruka foleni kwa vitabu vinavyogombaniwa. Huazimwa kwa siku chache, mara nyingi 7, wala haziongezwi muda. Kwa msikilizaji wa lori siku 7 ni nyingi. Kwa anayesoma kwa macho nusu saa usiku, aviache vimpite.

Sasa kupakua. Riwaya ya kusoma ni MB chache, hata bando likiwa linakatika litabeba. Kitabu cha sauti ni mnyama mwingine: kadiria MB 30 kwa kila saa ya sauti, yaani MB 300 kwa kitabu cha saa 10. Kwa kawaida Libby hupakua kwa waifai tu, na ukiwa kwenye bando la simu hucheza moja kwa moja kutoka mtandaoni. Hilo ndilo kosa linalowapata wengi: kitabu kinasikika vizuri mjini, mtu anadhani kimo ndani ya simu, kinakatika akiingia milimani. Kabla ya kuondoka, fungua rafu na uone alama ya kuwa kimepakuliwa, na iache programu ikiwa wazi kwenye kioo mpaka ikamilike. Kisha fanya jaribio la dakika moja: zima mtandao wote kwa hali ya ndegeni, fungua kitabu, ruka hadi sura ya mwisho. Ikicheza, nenda.

Waifai ya vituo vya malori mara nyingi huelemewa jioni, wote wanapokuwa wameegesha. Alfajiri ni afadhali. Waifai ya maktaba za umma ni ya bure na mara nyingi hufika hadi kwenye maegesho hata baada ya kufungwa, lakini usijaribu kuingiza huko tela la futi 53. Nenda na kichwa peke yake.

Kwa kusoma kwa macho, simu huchosha na hula chaji. Maktaba za Marekani hukuruhusu kupeleka kitabu cha Libby kwenye Kindle, kifaa cha kusomea vitabu cha Amazon: unachagua Kindle wakati wa kuazima, ukurasa wa Amazon unafunguka, unathibitisha, kifaa kinakipokea kwa waifai. Waifai inayorushwa na simu yako inatosha. Njia ya kuhamisha kwa waya kutoka kwenye kompyuta iliondolewa na Amazon Februari 2025, usipoteze muda kuitafuta. Kindle ikibaki bila mtandao, kitabu hukaa humo hata tarehe ikipita, na aliye nyuma yako hapungukiwi kitu kwa kuwa leseni imesharudi maktaba. Ukiiunganisha tu, kinatoweka. Vitabu vya sauti vya maktaba haviendi kwenye Kindle ya wino, yaani yenye kioo cha wino wa kielektroniki, hivyo vibaki kwenye simu. Asiyetaka Amazon anunue Kobo, ambayo huazima kutoka OverDrive moja kwa moja kwenye kifaa. Kwa vyovyote, kifaa cha wino hukaa wiki kadhaa kwa chaji moja, jambo kubwa kwa anayetegemea sola ya juu ya paa.

Ukiwa kwenye usukani, Libby inafanya kazi na CarPlay na Android Auto, mifumo ya kuunganisha simu na kioo cha gari. Chagua kitabu na spidi kabla ya kutoa breki. Kitabu cha saa 14 kwa spidi ya 1.25 ni saa 11 na dakika 12, zaidi kidogo ya zamu nzima. Dereva wa lori la biashara akikutwa ameshika simu mkononi faini inaweza kufika dola 2,750, na California hairuhusu kuziba masikio yote mawili unapoendesha. Tumia spika za gari au kifaa cha sikio moja.

Libby ikikuambia wiki 12, fungua hoopla, programu nyingine ya kuazima vitabu vya maktaba. Inatumia kadi ileile kama maktaba yako imejiunga, na kwa kawaida haina foleni, kwa sababu maktaba hulipa kila kitu kinapoazimwa. Kwa hiyo huwekewa kikomo cha vitu kwa mwezi, na maktaba nyingine huweka pia bajeti ya siku: ukiambiwa kikomo cha leo kimefikiwa, jaribu baada ya saa sita usiku, wala si kwamba akaunti yako imeharibika. Vitabu hukaa siku 21. Vipya vinavyovuma ni vichache, na vitabu vya hoopla haviendi Kindle ya wino, lakini kwa vitabu vya zamani vya historia na mfululizo wa riwaya za upelelezi inashinda Libby.

Rafu ya Kiswahili usiitarajie. Tafuta kwa kuchuja lugha, na ukikuta kitabu kipo kwenye orodha lakini maktaba haijakinunua, kiwekee alama ya kutaka kujulishwa. Maktaba huona alama hizo inapoamua cha kununua, na maktaba ya mji wenye Wakongo na Wakenya wengi ina sababu ya kusikiliza kuliko nyingine.

Ukienda likizo nyumbani, Libby inakufuata. Vitabu vilivyopakuliwa hufunguka Mombasa au Bukavu kama vilivyofunguka Ohio, na unaweza kuazima vingine kwa mtandao wa huko. Kuongeza muda kunawezekana kuanzia siku 3 kabla ya tarehe, iwapo hakuna anayesubiri. Ila kabla ya kupanda ndege tazama kadi yenyewe inakwisha lini. Ikifa, ulivyokwisha azima vitabaki hadi tarehe yake, lakini hutaazima kipya. Na maktaba ikikupa namba mpya ya kadi, ibadilishe palepale ilipokuwa ile ya zamani ndani ya Libby badala ya kuiongeza kama kadi ngeni, la sivyo foleni zako zote zitabaki kwenye kadi iliyokufa.