Uzoefu wangu na unga wa kabla ya mazoezi: stimu, hasira na hesabu ya kijiko

Ninazungumzia makopo mawili, yote ya ule unga unaokorogwa kwenye maji na kunywewa nusu saa kabla ya kupiga chuma. La kwanza lina "mchanganyiko maalumu" wa gramu 5: majina ya vitu yamepangwa mstari mmoja, kafeini na yohimbini zikiwemo, lakini kiasi cha kila kimoja hakikuandikwa. La pili lina lebo ya wazi. Kijiko kimoja ni gramu 12, na ndani yake mna kafeini miligramu 300, sitrulini maleti (ya kusaidia damu kupita misulini) gramu 6, beta-alanini (ya kuchelewesha uchovu wa misuli) gramu 3.2, na zilizobaki ni ladha na tirosini (aina ya asidi-amino) kidogo. Majina ya kampuni nayaacha, kwa sababu fomula kama hizi zinauzwa kwa majina chungu nzima na mara nyingi kinachobadilika ni rangi ya kopo.

Upande wa nguvu yote mawili yanafanya kazi, sina la kuongeza. Kinachonifanya niandike ni upande ambao wauzaji hawaugusi: mtu mpole anakunywa kikombe cha maji ya pinki, na jioni hiyo hiyo nyumbani haongeleki.

Watu wengi husema tu "pri inaleta hasira" (pri ni kifupi cha "pre-workout", yaani unga huu), wakaishia hapo. Ukifuatilia saa utaona kwamba hasira hizo huja kwa nyakati tatu tofauti, kila moja na chanzo chake. Ukitibu moja kwa dawa ya nyingine hupati nafuu.

Ya kwanza huja ndani ya saa ya kwanza. Kwa wengi kafeini hufika kileleni kwenye damu baada ya dakika 30 hadi 60, na mapema zaidi tumbo likiwa tupu. Kazi yake kubwa ni kuziba vipokezi vya adenosini, kemikali inayouambia ubongo kwamba umechoka. Wakati huo huo adrenalini hupanda, moyo hukaza mwendo na taya hujibana bila mwenyewe kujua. Hapo ndipo jamaa aliyekalia benchi akichezea simu katikati ya seti zake anakuwa adui. Dalili ambayo huwa naiangalia ni taya na maneno: mtu akianza kuongea haraka huku akimkatiza mwenzake, dozi imempita.

Beta-alanini nayo ina mchango wake. Ukinywa zaidi ya miligramu 800 hivi kwa mkupuo, uso, masikio na migongo ya viganja huanza kuwasha kama umepitiwa na siafu. Haina madhara na huisha ndani ya saa moja. Lakini mwili unaowashwa huku moyo unaenda mbio huitafsiri hali hiyo kama hatari, na mwenye hofu za asili hapo hupandisha wasiwasi kweli kweli. Kichekesho ni kwamba beta-alanini haihitaji kunywewa kabla ya mazoezi hata kidogo. Inafanya kazi kwa kujenga akiba ya kanosini kwenye misuli wiki baada ya wiki, kwa hiyo hata ukiinywa kuanzia na chai ya asubuhi, kidogo kidogo mara kadhaa kwa siku, faida ni ile ile na muwasho haupo. Imewekwa kwenye kopo hili ili mnunuzi asikie kitu kinafanya kazi.

Sasa yohimbini, na hapa nitakaa kidogo maana ndiyo inayolitenganisha kopo la kwanza na la pili. Hii hutoka kwenye gome la mti wa yohimbe wa Afrika ya Kati na Magharibi. Kwenye mishipa ya fahamu kuna breki fulani, vipokezi vya alfa-2, ambavyo kazi yake ni kuzuia noradrenalini (kemikali ya msisimko, ndugu ya adrenalini) isimwagike kupita kiasi. Yohimbini huiachia breki hiyo. Kafeini peke yake ni kukanyaga mafuta. Ukiongeza yohimbini umekanyaga mafuta na breki umezing'oa. Watafiti wa magonjwa ya akili wameitumia kwa miaka mingi kuamsha hofu ya ghafla kwa makusudi katika majaribio, jambo ambalo linatosha kukueleza ni kitu cha namna gani. Kwangu mimi tofauti ya makopo haya mawili iko hapo hapo: la pili likizidi huleta kutetemeka mikono na kukosa subira, la kwanza huleta jasho baridi, wasiwasi usio na sababu, na hasira inayotafuta mtu wa kumwangukia. Ubaya zaidi, vipimo vya maabara vilivyofanywa Marekani kwenye virutubisho vya yohimbe vilionyesha kwamba kiasi kinatofautiana sana kutoka chapa moja hadi nyingine, na lebo nyingi hazisemi ukweli. Kwenye lebo tafuta pia rauwolscine, ndugu yake wa damu, ambayo huandikwa kama alpha-yohimbine.

Wakati wa pili ni saa tatu hadi tano baadaye, stimu inaposhuka. Adenosini haikuacha kutengenezwa, ilizuiwa mlangoni tu, na mlango ukifunguka uchovu unaingia kwa mpigo. Juu yake kuna njaa, kwa sababu vichangamsho hivi hukata hamu ya kula na wengi hawali mpaka usiku. Huyu hana wasiwasi wala moyo kwenda mbio. Amenuna, hataki kuulizwa kitu, na kelele za watoto zinamkera. Dawa yake ni chakula. Kula wanga na protini ndani ya saa moja baada ya mazoezi hata kama husikii njaa: wali maharage, ndizi na mayai, viazi na samaki, chochote kilichopo. Na maji, nusu lita hadi lita moja kutegemea ulivyotoka jasho.

Wakati wa tatu ni kesho yake, na huu ndio unaoharibu nyumba za watu polepole. Nusu ya kafeini hubaki mwilini baada ya saa 5 hivi, ingawa kwa mtu na mtu huanzia saa 1.5 hadi 9.5. Piga hesabu: miligramu 300 saa kumi na moja na nusu jioni ni miligramu 150 saa nne na nusu usiku. Hicho ni zaidi ya kikombe kizima cha kahawa wakati wa kulala. Utafiti wa 2013 ulionyesha kwamba miligramu 400 zilizonywewa saa 6 kabla ya kulala bado zilipunguza usingizi kwa zaidi ya saa moja, na wahusika wenyewe hawakuhisi upungufu wote huo. Mtu anakwambia "mimi nalala vizuri tu", kumbe analala saa tano, anaamka mzito, anaongeza kijiko, na hasira zake zimekuwa tabia. Anayefanya mazoezi jioni asivuke saa nane mchana na kafeini, au anunue toleo lisilo na kafeini kabisa.

Mwezi wa Ramadhani mambo hugeuka. Jimu nyingi za pwani hujaa baada ya tarawehe, saa nne au tano usiku, na watu hunywa kijiko kizima wakiwa wameshinda na njaa. Usingizi haupatikani mpaka daku, kisha saumu inaanza huku arosto ya kafeini inanyemelea. Arosto hiyo huanza saa 12 hadi 24 baada ya dozi ya mwisho: kichwa kuuma, uvivu na ukali wa maneno. Katika mwezi huo mimi naona heri kufanya mazoezi mepesi kabla ya futari bila kitu, au baada ya futari kwa kikombe kimoja cha kahawa.

Tuje kwenye dozi. Kinachosaidia mazoezi ni miligramu 3 hadi 6 za kafeini kwa kila kilo ya mwili, na wengi hupata faida hata chini ya hapo, kwenye 2. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilisema mwaka 2015 kwamba mtu mzima mwenye afya hana sababu ya hofu akiwa chini ya miligramu 200 kwa mara moja na 400 kwa siku nzima. Kijiko cha miligramu 300 kwa mtu wa kilo 90 ni 3.3 kwa kilo. Kwa dada wa kilo 55 ni 5.5, na kopo halimwambii hivyo. Kwa hiyo ukisikia "kijiko kimoja" usikichukulie kama kipimo, pima gramu. Kwenye kopo la pili gramu 6 ni miligramu 150 na gramu 8 ni 200. Mizani ndogo ya jikoni inayosoma gramu 0.1 inatosha.

Kwa nini mizani wakati kijiko kimo ndani? Kwa sababu unga huu hunyonya unyevu. Dar, Tanga au Mombasa, kopo likifunguliwa mara kadhaa huanza kufanya mabonge, na kijiko kilichojaa mabonge hakina uzito sawa na kijiko cha unga mkavu. Tena chembe hujitenga safarini, nyingine zinashuka chini, hivyo vijiko vya juu na vya chini huweza kutofautiana. Kabla ya kufungua, pindua kopo juu chini na uligeuze taratibu mara kadhaa. Kipakiti cha kukausha unyevu kiache humo humo. Usiliweke kwenye friji: kila ukilitoa, mvuke unaganda ndani na unga unageuka tope. Na mtindo wa kubwia unga mkavu bila maji, unaoonekana mitandaoni, ni wa kuachana nao. Mbali na kupaliwa, dozi nzima inaingia kwa mshindo. Koroga kwenye mililita 300 hadi 400 za maji, unywe polepole kwa dakika 10.

Kinachowaponza wengi si kopo, ni vitu vinavyoongezwa juu ya kopo. Chai ya rangi kikombe kikubwa ina miligramu 40 hadi 50. Red Bull ya mililita 250 ina 80. Guarana kwenye lebo ni kafeini kwa jina jingine, na mara nyingi haihesabiwi kwenye ile 300. Miraa ina kathinoni, kichangamsho kingine kabisa, na kuichanganya na unga huu ni kuomba moyo ukupige mateke. Dawa za mafua zenye pseudoefedrini hali kadhalika. Vidonge vya uzazi wa mpango huweza kuongeza mara mbili hivi muda wa kafeini kukaa mwilini, na antibayotiki ya siprofloksasini nayo huichelewesha kutoka. Wavuta sigara huimaliza haraka. Akiacha sigara, dozi ile ile aliyoizoea inakaa mwilini karibu mara mbili, na watu wanadhani hasira zote ni za kukosa sigara.

Kreatini husingiziwa bure. Gramu 3 hadi 5 kwa siku hazina kichangamsho chochote, na mtu akikuambia kreatini imempandisha mori, muulize ilikuwa ndani ya kopo gani.

Vitu vya kukimbia ukiviona: DMAA, kichangamsho kikali kinachojificha pia kwa majina ya methylhexanamine na dondoo la geranium. Ilianza miaka ya 1940 kama dawa ya pua iliyoziba, ikarudi kwenye makopo ya mazoezi miaka ya 2000, na Marekani na Uingereza zikaiwekea breki kuanzia 2012. DMHA ni jamaa yake. Mwanamichezo anayepimwa akikutwa na DMAA, ajira yake iko mashakani. Na unga wa kafeini tupu usiuguse: kijiko kimoja cha chai, kwa mujibu wa mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ni sawa na vikombe 28 vya kahawa.

Mwenye presha, matatizo ya moyo, hofu za ghafla, ugonjwa wa kupanda na kushuka kwa hisia, anayetumia dawa za msongo wa mawazo, mjamzito, au aliye chini ya miaka 18, kopo lolote kati ya haya si lake mpaka aongee na daktari. Maumivu ya kifua au moyo kuruka mapigo ni hospitali siku hiyo hiyo.

Ukitaka kujua kama ni unga au ni wewe, andika vitu vinne kila siku ya mazoezi kwa wiki mbili: gramu, saa uliyokunywa, saa uliyolala, na alama 1 hadi 5 ya ukali wako. Alama hiyo usijipe mwenyewe, akupe unayeishi naye. Wiki ya kwanza dozi ya kawaida, ya pili nusu. Wengine hupendekeza mtu akuandalie bila kukuambia siku ipi ina kafeini na ipi haina. Ni njia nzuri, ila vinywaji vya siku zote, chenye kafeini na kisicho nayo, viwe na beta-alanini, la sivyo muwasho utakuambia mapema. Ukiamua kuacha, usikate ghafla. Punguza gramu 2 kila baada ya siku tatu au nne, na arosto haitakusumbua sana.

Kopo la kwanza silinunui tena hata kwa nusu bei. La pili nalipatia nyota tatu na nusu, na moja nimeikata kwa sababu kijiko chake ni kikubwa kuliko mahitaji ya watu wengi wanaokinywa. Kwa gramu 8 badala ya 12, lile kopo la vijiko 30 linafika mazoezi 45, jambo ambalo muuzaji hana haraka ya kukuambia.