Siku tisa kwa miguu, Nakuru hadi Kisumu: uzoefu wangu wa kuvuka barabara

Nimerudi juzi kutoka kwenye matembezi ya siku tisa, kutoka Nakuru hadi Kisumu, nikiwa na kikundi cha watu kumi na mmoja. Yaliandaliwa na kampuni ndogo ya matembezi ambayo jina lake sitalitaja, kwa kuwa nina lawama na lawama hizo nimeshawapelekea wenyewe. Nililipa shilingi 34,000. Hapo kuna chakula, malazi, viongozi wawili wa msafara na pikapu ya kubeba mizigo.

Kila anayeniuliza habari za safari anataka kusikia kuhusu msitu wa Mau na majani chai. Mimi ninachokumbuka kwanza ni barabara. Kila njia yetu ilipokatana na lami, hapo ndipo nilipoweza kupima kama fedha zangu zimefanya kazi. Mahali pa kulala pabaya utapasahau baada ya wiki. Kiongozi asiyejua kuvusha watu barabara, huyo hasahauliki.

Njia yenyewe inafuata reli ya zamani, ile iliyofika ziwani mwaka 1901, wakati Kisumu ikiitwa Port Florence. Vituo vya reli hiyo ndivyo vilivyozaa karibu miji yote tuliyolala: Njoro, Elburgon, Molo, Londiani, Kipkelion, na kuendelea hadi Muhoroni na Miwani. Juu ya reli hatukutembea, na kiongozi alilisema hilo wazi tangu siku ya kwanza. Tulipita vijia vya kando, mashamba ya watu waliotupa ruhusa, na barabara za vumbi. Unapanda hadi zaidi ya mita 2,400 kule upande wa Mau Summit, kisha unashuka mpaka ziwa, ambalo liko kwenye mita 1,134 hivi. Magoti yatakuambia.

Tulitoka Nakuru saa kumi na moja alfajiri, giza bado, na hapo hapo lawama yangu ya kwanza ikazaliwa. Tuliahidiwa rifleka, zile fulana za kung'aa. Tulipoziulizia tukaambiwa ziko kwenye pikapu, na pikapu imetangulia Njoro. Kwa hiyo tukafika barabara kuu ya Eldoret, upande wa Njoro Turnoff, watu kumi na mmoja wenye majaketi meusi na ya kijivu, malori yakipita moja baada ya jingine na taa zake zikitupiga usoni. Kijana mmoja wa bodaboda aliyekuwa akingoja abiria alituangalia, akavua rifleka yake mwenyewe, akamvisha mwenzetu wa mwisho kwenye mstari. "Mtanirudishia upande wa pili," akasema, akavuka nasi, akaichukua, akarudi kwenye pikipiki yake. Hakutaka hata shilingi. Nimekaa Nakuru miaka mingi na nimelalamika sana kuhusu bodaboda, ila yule kijana namwombea heri popote alipo.

Hiyo ndiyo barabara yenye mradi wa kupanuliwa kutoka Rironi hadi Mau Summit. Nilipokuwa nimesimama pale nilijiuliza jambo moja tu: sisi wa miguu tutapita wapi? Nimewahi kusoma kuhusu njia ya Appalachian ya Marekani, ya zaidi ya kilomita 3,500 kutoka Georgia hadi Maine. Inapokutana na barabara kuu ya I-70 huko Maryland, watembeaji wana daraja lao la miguu. Inapokutana na I-90 huko Massachusetts, vivyo hivyo. Mtu anatembea milimani miezi mitano, na bado kuna aliyemfikiria afike upande wa pili salama. Na yule ni mtu wa matembezi. Kwetu anayevuka kila siku ni mtoto wa shule na mama mwenye gunia la viazi.

Njoro hadi Elburgon palikuwa pazuri, sina neno. Elburgon yenyewe ndipo nilipokasirika.

Pale mjini barabara ina malori ya mbao, na malori ya mbao yana urefu wake. Kiongozi wetu alikuwa mmoja bado. Wa pili, ambaye tulikuwa tumemlipia tangu Nakuru, hakuwa amefika. Huyu mmoja alitangulia mbele akavuka na watu sita kwa mwendo wa haraka, akaendelea kutembea bila kugeuka nyuma. Tukabaki watano upande huu. Mwenzetu mmoja alipoona kikundi kinapotea akaanza kuwafuata. Lori lilikuwa limesimama upande wake, kwa hiyo aliona barabara iko wazi. Nyuma ya lile lori ilichomoka matatu ikilipita. Mama mmoja wa kikundi chetu, mwenyeji wa Bahati karibu na Nakuru, mtu mzima wa miaka sitini na zaidi, alimshika mkanda wa begi akamvuta kwa nguvu hadi akakaa chini. Matatu ikapita. Makanga akapiga mluzi.

Hakuna aliyeumia. Lakini mkono wa yule mama ulitetemeka mpaka tulipokunywa chai, akawa anakishika kikombe kwa mikono yote miwili. Jioni ile nilimpigia simu mwenye kampuni. Nilimwambia bila kuzungusha: ikiwa kesho kutwa hatuna mtu wa nyuma na hatuna rifleka, mimi narudi nyumbani kwa matatu kutoka Molo na atanirudishia fedha zangu. Alisikiliza. Hilo nampa, alisikiliza bila kubishana.

Molo tulikuta rifleka kumi na mbili zikiwa zimekunjwa juu ya meza, na kiongozi wa pili amekaa karibu nazo. Ni kaka wa Kipsigis, mwenyeji wa pande za Londiani, ambaye kabla ya kuanza kazi hii alikuwa utingo wa malori. Toka siku hiyo safari ikawa nyingine kabisa. Yule aliyetangulia hapo awali alibaki mbele, huyu akawa nyuma, na neno la kuvuka likawa la huyu wa nyuma.

Siku ya nne tulifika Londiani Junction. Nilikuwa naiogopa tangu nyumbani, na sidhani nilikuwa peke yangu, maana kikundi kizima kilinyamaza kabla hata hatujaiona lami. Tarehe 30 Juni 2023 lori lilipoteza mwelekeo pale jioni, likawavamia watu waliokuwa kando ya barabara, wachuuzi na abiria na waliokuwa wakipita tu. Zaidi ya watu 50 walikufa. Ukiishi Nakuru au Kericho, ajali ile si habari ya gazetini.

Kiongozi wetu alitusimamisha mbali na ukingo, karibu na akina mama wanaouza viazi na kabeji, akatuambia tufumbe macho. Nilidhani ni kuomba, na labda kwa wengine ilikuwa kuomba. Kisha akasema, "Sasa sikilizeni." Lori likawa linakuja kutoka upande wa Mau Summit. "Sikieni injini inavyonguruma, mngurumo mzito wa kujizuia. Huyo dereva ameshaingiza gia ya chini, gari liko mkononi mwake. Lori likishuka kimya, mkasikia upepo na matairi tu, hilo msilisogelee. Rudini nyuma, tena mbali." Tulisimama pale dakika kama kumi na tano tukisikiliza malori. Jingine linanguruma, jingine linanguruma, kisha likaja moja linalotoa harufu ya breki zilizoungua, ile harufu ya ukali inayokaa kooni. "Na hilo?" mtu akauliza. "Hilo nalo tunaliacha liende."

Halafu akatufundisha namna ya kuvuka, na hapa naeleza kwa kirefu kwa sababu sijawahi kufundishwa na mtu yeyote, na nimevuka barabara maisha yangu yote. Watu wengi tunavuka kwa foleni, mmoja nyuma ya mwingine kama kondoo. Foleni ya watu kumi na mmoja inakaa barabarani muda mrefu, na wa mwisho anavuka kwa kumwamini wa kwanza. Yeye alitupanga kandokando ya barabara, bega kwa bega, nyuso zikitazama upande wa pili. Tunatazama kulia, kushoto, kulia tena. Lori likipita hatuondoki, tunangoja mkia wake uende mbali, kwa maana nyuma ya lori daima kuna mwenye haraka. Neno likitoka, wote tunaingia pamoja na wote tunatoka pamoja. Hakuna kukimbia. Aliyedondosha kitu anakiacha.

Nilikuwa wa tatu kutoka kulia. Mama mmoja muuza viazi alikuwa amesimama nyuma yetu na ndoo yake, akitazama mafunzo yote kwa makini. Nilipoanza kuyumbayumba kwa hamu ya kuondoka aliniwekea kiganja mgongoni. "Mwanangu, hapa hatukimbii," akaniambia. "Hapa tunangoja." Neno likatoka, tukavuka kwa hatua kumi na moja, nilizihesabu. Upande wa pili yule mama wa Bahati alikuwa analia, na kiongozi akamwacha alie hadi amalize kabla ya kusema tuendelee.

Kutoka Londiani kushuka Kipkelion na Fort Ternan barabara ni tulivu, na sina mengi ya kusema zaidi ya kwamba watoto wa huko wanasalimia vizuri. "Chamgei" yako ikiwa dhaifu wataisahihisha. Fort Ternan kiongozi alitunyoshea kidole upande wa kilima ambako mwaka 1961 kikundi cha Louis Leakey kilipata mabaki ya Kenyapithecus, kiumbe wa jamii ya nyani aliyeishi miaka milioni 14 hivi iliyopita. Tulikuwa tumesimama katikati ya barabara tukitazama kilima, na hakuna gari lililotuondoa.

Joto linaanza Koru. Ukifika Muhoroni unaingia nchi ya miwa, na kuvuka barabara kunakuwa na kanuni zake. Hapo hatari yako ni trekta, na trekta ni polepole, kwa hiyo unaidharau. Inavuta trela mbili. Mtu anaona trela ya kwanza imepita, anainua mguu, kumbe kuna chuma kinaunganisha na trela ya pili inakuja ikiyumba mkia huku na huku. Miwa imejazwa mpaka inachomoza pembeni kama mishale. Mmoja wa mishale hiyo ulinichana mkono wa shati kutoka kiwiko hadi kifundo, nikiwa nimesimama, na nilidhani niko mbali ya kutosha. Ngozi haikuguswa. Shati hilo ninalo, sijalishona.

Mvua ikinyesha, magurudumu yanabeba udongo mweusi wa tambarare ya Kano kutoka mashambani na kuumwaga juu ya lami, na lami inakuwa kama sabuni. Tulivuka karibu na Chemelil tukiwa tumeshikana mikono. Kando yetu watoto walikuwa wakiokota miwa inayodondoka, na mmoja akaja mbio kumpa yule mama kipande kilichokwisha menywa. Kitamu ajabu. Nilimwomba kiongozi awaambie watoto waokotee mbali na magurudumu. Akawaambia, nao wakasogea hatua mbili.

Siku ya mwisho, Miwani hadi Kisumu, ilikuwa ndefu na ya jua. Tuliingia mjini kwa Kibos Road na kutokea Kondele. Kondele kuna barabara ya juu, na chini yake kuna kila kitu kingine: matatu, tuktuk, bodaboda, mikokoteni, watu wa soko la Kibuye wakienda na kurudi. Kiongozi wetu wa Londiani alisimama akasikiliza, akatikisa kichwa. Yeye anajua malori. Tuktuk haingurumi kwa namna yoyote inayoweza kumsaidia.

Nilimpenda zaidi kwa alichofanya hapo. Alimwendea mama mmoja mwenye beseni la omena kichwani, akamsalimia kwa heshima, akamwomba atuvushe. Yule mama alitutazama, rifleka zetu zimechafuka kwa udongo wa kaunti tatu, akacheka. "Nyithinda, biuru," akasema. Wanangu, njooni. Beseni kichwani bila mkono, mkono wa kulia ameunyoosha kiganja wazi, akaingia barabarani kwa mwendo uleule aliokuwa nao kwenye njia ya miguu. Tuktuk ya kwanza ikasimama. Ya pili ikasimama. Sisi tukawa bega kwa bega nyuma yake, kama tulivyofundishwa kule Londiani Junction, na bodaboda mmoja akazima kabisa injini hadi tulipomaliza.

Kampuni ilinirudishia shilingi 3,000 kwa siku tatu tulizokaa na kiongozi mmoja, bila kusumbuana. Nimeshaweka jina langu kwenye msafara wa Desemba, na dada yangu naye. Wamekubali kwamba yule kaka wa Londiani ataanza nasi Nakuru, na kwamba rifleka zitavaliwa kabla hatujatoka langoni. Nimewaomba wayaandike hayo mawili kwenye risiti.