Maktaba ya McMillan, Nairobi: Mlango Ulifunguka Kabla ya Rafu

Maktaba ya McMillan iko katikati ya jiji la Nairobi, jirani na Msikiti wa Jamia, na anayeiendea kwa mara ya kwanza hana haja ya kuuliza njia mara mbili, kwa kuwa nguzo zake ndefu na simba wawili wa mawe walio kwenye ngazi huonekana kabla hajasoma kibao chochote. Ilifunguliwa mwaka 1931. Aliyeijenga ni Lucie McMillan, kwa kumkumbuka mumewe, Sir William Northrup McMillan, tajiri mzaliwa wa Marekani aliyemiliki shamba kubwa Juja na ambaye kaburi lake liko katika mlima wa Ol Donyo Sabuk. Si maktaba ya kwanza nchini, maana Mombasa ilikuwa na ya Seif bin Salim tangu 1903, lakini kwa Nairobi ndiyo kongwe kuliko zote.

Haifai kuisifu bila kusema ilivyoanza. Hadi mwaka 1958 ilikuwa ya Wazungu peke yao. Mwafrika aliweza kulipa kodi ya kibanda na kujenga barabara zinazofika mlangoni pake, ila kuketi ndani na kufungua kitabu hakuruhusiwa. Mwaka 1962 ilikabidhiwa baraza la jiji. Kwa sababu hiyo naipima kwa maswali mawili tu: ni nani anayeingia, na akishaingia anakuta nini.

Kwa swali la kwanza inastahili alama za juu. Meza zake hukaliwa na mwanafunzi anayejiandaa kwa mtihani wa uhasibu wa CPA, mzee anayelisoma gazeti kuanzia ukurasa wa kwanza hadi matangazo ya vifo, na kijana anayeandika upya barua ya kuomba kazi. Aliyekulia katika chumba kimoja cha kupanga, ambamo ndugu wadogo, jiko na redio ya jirani vyote vinagombea nafasi na daftari lake, anajua thamani ya kiti ambacho hakuna atakayekuinua kwa sababu hujaagiza chai. Mkahawani, ukimya hulipiwa kila saa. Hapa, adhana ya Jamia ikisikika na honi za matatu zikipita mbali, mtu asiye na kitu hukaa sawa na mwenye nacho, na huduma hiyo peke yake ingetosha kuhalalisha fedha za umma zinazotumika.

Swali la pili ni gumu zaidi. Rafu zilianza kujazwa kwa ajili ya msomaji mwingine, mlowezi aliyetaka habari za kwao, na kuufungua mlango hakukubadilisha vitabu kwa usiku mmoja. Hazina yake halisi, kwa maoni yangu, ni magazeti ya kale na kumbukumbu za serikali ya kikoloni, ambamo mjukuu anaweza kusoma yale waliyoandika walowezi kuhusu ardhi ya babu yake. Lakini mtoto anayetaka hadithi ya Kiswahili yenye mitaa anayoijua hakufikiriwa wakati mkusanyo huo unaanzishwa. Ndiyo sababu wasomaji wengi huja na vitabu vyao begani, na maktaba inayotumika kwa meza zake tu inafanya nusu ya kazi yake.

Niseme hapa kwamba niliwahi kufika katika maktaba nyingine, ambayo sitaitaja, nikaambiwa kitabu nilichokitaka kimo katika orodha lakini rafuni hakipo, na kwamba nisiingie kukitafuta mwenyewe. Nilirudi nyumbani na namba ya kitabu tu. Tangu siku hiyo huangalia kwanza kama msomaji anaachwa azizungukie rafu kwa miguu yake.

Kwa upande huo matawi mawili ya McMillan, Kaloleni na Makadara, yananipa moyo kuliko jengo kuu. Shirika la Book Bunk, lililoanzishwa mwaka 2017 na Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, lilishirikiana na serikali ya kaunti kuyakarabati na kuweka vitabu vya waandishi wa Kiafrika pale ambapo watoto wanaweza kuvifikia. Kaloleni ni mtaa uliojengwa miaka ya 1940 kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika, wale wale ambao simba wa mjini hawakuwapisha.

Mzazi mwenye watoto wadogo ningemshauri aanzie Kaloleni. Mtafiti na aende jengo kuu, afike mapema, na amtajie mkutubi mwaka kamili wa gazeti analolitaka, kwa sababu karatasi za umri huo hazifai kupekuliwa ovyo.