Betri ya laptopu imechoka: ubadilishe, uvumilie au uuze mashine?

Laptopu nyingi zinazouzwa Mombasa ni mtumba: HP EliteBook, ThinkPad, Dell Latitude, zile zinazoitwa ex-UK. Betri zake huwa zimeshaanza kuchoka siku unapozitoa dukani, ndiyo maana swali la kubadilisha betri hutufikia mapema. Wengi hulijibu kwa kuhesabu miaka, na miaka haitoshi. Betri ya lithiamu huchakazwa na mizunguko ya kuchaji pamoja na joto. Mzunguko mmoja ni asilimia 100 iliyotumika, hata ukitumia nusu leo na nusu kesho. Betri nyingi za laptopu huhimili mizunguko 300 hadi 500 kabla ya kushuka hadi kama asilimia 80 ya uwezo wake. Apple hutaja 1,000 kwa MacBook za kisasa. Joto nalo halingoji mizunguko. Mashine iliyochomekwa kutwa ikiwa imejaa pomoni, mezani karibu na dirisha mwezi wa Februari kaskazi ikivuma, huzeeka hata kama hujawahi kuichomoa.

Pima kabla ya kwenda mjini

Kwenye Windows, andika cmd mahali pa kutafutia, fungua dirisha jeusi linalotokea, kisha andika powercfg /batteryreport na ubonyeze Enter. Utaonyeshwa ripoti imehifadhiwa wapi. Ndani yake tafuta Design Capacity, uwezo ambao betri ilitoka nao kiwandani, na Full Charge Capacity, uwezo ilio nao leo. Gawa wa leo kwa ule wa kiwandani. Ukikuta 46,000 mWh (kipimo cha umeme ambao betri inabeba; mWh 1,000 ni Wh moja) za kiwandani na 27,600 za leo, umebakiwa na asilimia 60. Kwa kazi za kawaida, kuandika na kuperuzi, laptopu ya ofisini hula kama wati 9. Iliyokuwa ikikaa saa tano sasa inakaa tatu. Kwenye Mac habari hiyo iko kwenye mipangilio, upande wa betri.

Ikiwa shida yako ni kwamba haichaji kabisa, usinunue betri kwanza. Azima chaja ya mwenzako ya aina ileile ujaribu. Dell hasa huitambua chaja yake kupitia kile kipini chembamba cha katikati. Chaja feki, au waya uliokatika ndani, huifanya mashine iwake vizuri huku betri ikigoma kuchaji. Na hewa ya bahari hula viunganishi vya chuma. Fundi akivisafisha, pengine safari yako imeishia hapo.

Jambo moja halina mjadala: betri ikivimba, itoke leo. Dalili ni kibodi kuinuka katikati, sehemu ya kutelezeshea kidole kugoma kubonyea, au kifuniko cha chini kuachana na bodi. Zima, chomoa chaja, usiikandamize irudi, wala usijaribu kuitoboa ili “kutoa hewa”. Hewa hiyo inashika moto.

Nambari moja: usibadilishe

Najua huu ni mwongozo wa kununua, lakini kwa watu wengi hili ndilo chaguo bora. Betri ikiwa juu ya asilimia 80, weka pesa mfukoni. Ikiwa kati ya 60 na 80, jiulize unaitumia wapi. Mhasibu mwenye meza yake karibu na soketi anahitaji betri imvushe stima ikipotea, ahifadhi kazi na azime kwa utaratibu. Nusu saa inamtosha. Mwanafunzi anayeingia darasani saa mbili asubuhi na kutafuta soketi mpaka adhuhuri ni habari nyingine.

Ukiamua kuvumilia, wekea chaji kikomo cha asilimia 80. Lenovo wana programu ya Vantage, Asus wana MyASUS, Dell na HP nyingi za ofisini zina mpangilio huo ndani ya BIOS, mipangilio ya msingi ya mashine inayofunguliwa kabla ya Windows kuwaka. Ni bure, na katika joto letu ndiyo hatua yenye faida kuliko zote. Wauzaji hawaitaji, na siwalaumu.

Nambari mbili: betri mpya ya kampuni yenyewe

Chini ya asilimia 60, na mashine bado inakufaa, nunua hii. Tatizo ni kuipata ya kweli. Kila duka la Moi Avenue na Digo Road litakwambia ni orijino, kwa hivyo neno hilo liache lipite, uangalie kibandiko.

Kwanza namba ya betri, si jina la laptopu. EliteBook 840 G1 hutumia CM03XL, G3 hutumia CS03XL. Ukisema tu “betri ya 840” unaweza kurudi Likoni na kitu kisichoingia.

Pili, volti. 10.8 na 11.1 ni seli tatu (vile vijibetri vya ndani) zilizoandikwa kwa namna mbili, hakuna neno. 14.4 na 14.8 vilevile, seli nne. Lakini 11.1 na 14.8 hazibadilishani hata zikiingia kwenye nafasi.

Tatu, piga hesabu. Volti mara mAh iliyoandikwa kwenye kibandiko, gawa kwa 1,000, upate Wh. 11.4 mara 4,000 ni Wh 45.6. Betri nyembamba ya umbo lilelile ikijitangaza kuwa na mAh 6,600, kwa volti hizohizo ingefika Wh 75, na hiyo haitoshei pale. Kibandiko kimedanganya, na kikidanganya hapo sioni sababu ya kukiamini kwingine.

Nne, tarehe ya kutengenezwa. Hapa ndipo hata orijino humwangusha mtu. Betri huzeeka ikiwa kwenye kasha pia, na stoo nyingi za mjini hazina feni. Iliyotengenezwa miaka mitano nyuma ni mpya kwa macho tu.

Kabla ya kulipa, mwambie muuzaji kwa heshima: “Iweke ndani, babangu, tuione ikisoma.” Endesha ile ripoti hapo hapo kaunta, uwezo wa leo uwe karibu sawa na wa kiwandani. Feki nyingine zimepangwa ziseme uongo kwenye ripoti, kwa hivyo chomoa chaja ucheze video robo saa. Asilimia zikiporomoka kumikumi, au mashine ikizimika ghafla ikiwa kwenye 40, shukuru uende zako.

Nambari tatu: betri mbadala yenye waranti

Kwa mashine zilizoacha kutengenezwa zamani, mara nyingi hii ndiyo yenye maana, kwa sababu orijino zake zilizobaki ni zile kuukuu za stoo. Taka risiti yenye muda wa waranti kwa maandishi. Miezi sita ni mizuri. Wenye ThinkPad za enzi ya X230 na T430 wawe macho: BIOS yake hukataa kuchaji betri isiyoitambua. T450 hadi T480 nyingi zina betri mbili, moja ndani na moja ya kuchomoa. Ripoti huzionyesha kila moja, na pengine iliyokufa ni moja tu. Ile ya kuchomoa unaibadilisha mwenyewe bila bisibisi.

Nambari nne: uza mashine

Betri ikifika thuluthi ya bei ambayo laptopu yako ingeuzwa leo, simama ufikiri. Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi hutaka prosesa za Intel kuanzia kizazi cha nane. EliteBook 840 G3 ni kizazi cha sita. G5 na ThinkPad T480 nyingi zimevuka mstari. Kama hutaki kuhamia Linux, mfumo mwingine wa bure badala ya Windows, betri mpya kwenye G3 ni pesa unazomtengenezea mnunuzi wako.

Nambari tano: kubadilishiwa seli

Fundi hufungua kasha na kutia seli mpya. Kwa betri nene za zamani inawezekana, akiwa na mashine ya kuchomelea na seli zinazolingana. Wengi huchanganya seli kutoka betri zilizokufa, na saketi ya ndani hubaki ikikumbuka uwezo wa zamani. Kwa betri bapa za siku hizi, usikubali.

Ya mwisho: betri ya mtumba

Iliyotolewa kwenye laptopu iliyovunjika kioo. Ni ya bei nafuu, na ndiyo utakayokutana nayo sana. Ikiwa huna budi, dai ripoti kwanza, na usilipie chochote kilicho chini ya asilimia 80.

Betri kuukuu mwachie fundi au duka linalozipokea. Ziba ncha zake kwa selotepu, na usiitupe jaani: taka zikichomwa nayo ndani, hulipuka.