Nilikodi matresi Moshi, nikalala juu ya maji

Mimi si mtu wa kulalamika. Fundi wangu aliwahi kunishonea suti yenye mkono mmoja mfupi, nikaivaa hivyo hivyo kwenye harusi ya shemeji yangu na nikacheza. Lakini hili la matresi limekataa kushuka kooni. Duka silitaji. Liko Moshi mjini, linakodisha vifaa vya kupandia mlima, na wenyewe wakisoma hapa watajijua.

Ilikuwa Desemba, mwaka juzi au ule wa kabla yake. Tulikuwa watu tisa wa ofisi moja kutoka Dar, tumejichangisha miezi mingi tupande Kilimanjaro wakati wa sikukuu ya Uhuru. Njia ya Machame, siku saba, usiku sita. Wanaopita Marangu wanalala kwenye vibanda, wana vitanda na magodoro. Machame ni mahema mwanzo mwisho, yaani kati yako na ardhi ya mlima kuna kitambaa cha hema na hicho ulichotandika, basi. Kampuni iliyotupandisha ilitoa mahema na chakula. Begi la kulalia na matresi kila mtu ajitafutie.

Nikaingia dukani. Kijana wa kaunta ana spika ya simu kwenye sikio moja, anaongea na mtu mwingine huku ananihudumia mimi. Nikamwambia nataka matresi ya kulalia mlimani. Akanionyesha aina mbili. Moja nyembamba, ya bluu, imeviringishwa, ngumu kama soli ya ndala. Nyingine nene vidole vinne, imevalishwa foronya nyeusi yenye zipu, laini kama keki ya kipaimara. Nikauliza zile za bluu ni za nini.

"Hizo ni za wapagazi, mzee."

Akacheka. Na mimi, Mungu anisamehe, nikacheka naye.

Nikanyoosha mkono niibonyeze ile nene. Akaivuta. "Usibonyezebonyeze, itaharibika." Hapo ndipo nilipaswa kuchukua kofia yangu na kuondoka. Matresi inayoharibika kwa kidole gumba itabebaje kilo tisini na mbili kwa usiku sita? Lakini nilikuwa na haraka, wenzangu wananisubiri kwenye gari, nikauliza swali moja tu la mwisho: itafaa kule juu? Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kama maji yanalowesha. "Mzee, wazungu wanalalia hizi hizi. Hawajawahi kulalamika."

Nikalipa. Nililipa zaidi, maana ile nene ilikuwa na bei yake, na juu yake nikaweka amana. Narudia: nililipa zaidi.

Siku ya kwanza ni msitu, na msitu wa Machame mwezi wa Desemba haukuombi ruhusa. Mvua ilitukuta kabla ya saa nane. Mizigo inabebwa na wapagazi, au wagumu, kama wanavyojiita wenyewe, na mzigo wa mmoja una mwisho wake, kilo ishirini, unapimwa. Kitu kikubwa na chepesi kama matresi hufungwa nje. Yangu ilifungwa juu ya kiroba, ndani ya nailoni ambayo tawi la kwanza liliichana. Ilipofika kambini ilikuwa nzito. Sikujali. Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba ningelala juu ya mawe.

Siku ya pili manyunyu tena, halafu jioni, pale kambi ya Shira, mbingu ikafunguka ikawa safi kabisa, nyota hadi upeo. Ukiwa Dar unaiita hali ya hewa nzuri. Juu ya mita 3,700, usiku usio na wingu ni blanketi lililovuliwa. Nikajilaza. Kwanza ulaini, lile keki. Halafu kitu kikaanza kupanda polepole kiunoni na kwenye mabega, nikadhani ni jasho. Ni maji. Sponji ilikuwa imekunywa mvua ya siku mbili, na kila nilipogeuka nilikuwa naikamua kwa uzito wangu mwenyewe. Nikasogea pembeni, maji yakanifuata. Saa tisa usiku nilikuwa nimechuchumaa ndani ya hema nimevaa kila nguo niliyonayo, mwenzangu anakoroma. Asubuhi pembe za ile matresi zilikuwa zimeganda. Ukizikunja zinalia kwacha.

Sasa hapa niwe mkweli, kwa sababu hasira isinifanye mwongo. Begi la kulalia nililokodi duka lile lile lilikuwa zuri sana. La manyoya, safi, zipu haikwami. Kwa hiyo sisemi duka zima ni bure. Kwa begi peke yake ningewapa nyota nne. Ila begi hilo hilo ndilo lililonifundisha jinsi nilivyopigwa. Kiongozi wetu alinieleza wakati wa chai: manyoya hayana joto lake, kinachokupa joto ni hewa iliyotulia katikati yao. Ukilala juu yake, upande wa chini unayabana, hewa inatoka, unabaki na kitambaa. Kwa hiyo hata ukiwa na begi la bei gani, chini yako kazi yote ni ya matresi. Ardhi inakunyonya hadi asubuhi. Yule kijana wa kaunta anakodisha vitu hivi kila siku na hakuona haja ya kuniambia hata neno moja kati ya haya.

Tulipofika Barranco nikaitandika matresi juu ya jiwe ikauke. Jua lilikuwepo, jua kali. Haikukauka. Foronya ikakauka, moyo wake bado bwawa. Kunguru wakubwa wa kule, wenye shingo nyeupe nyuma, wakaja wakaanza kunyofoa sponji kupitia tundu la zipu, na mimi sikuwafukuza.

Aliyeniokoa ni mgumu mmoja, mtu mzima, amenizidi umri, mwenyeji wa vijiji vya chini ya mlima huo huo. Alikuwa anapita na ndoo ya maji, akasimama, akaishika ile matresi yangu, akaminya. Maji yakachuruzika. Hakucheka. Akaniambia, "Bosi, hii ni ya kuoshea vyombo."

Akaniambia niweke mdomo kwenye sponji, nipulize. Nikapuliza. Hewa ikatoka upande wa pili. Akaenda kwenye hema lao akarudi na matresi yake, ya bluu, nyembamba, nusu urefu, ukingo mmoja umetafunwa na panya wa kambini. Puliza hii. Nikapuliza mpaka mashavu yakauma, hewa haikwenda popote. "Hii ni sawa na kandambili," akasema. "Kandambili ikianguka mtoni inafanyaje?" Inaelea. "Na hilo dodoki lako?"

Nimesoma fizikia mpaka kidato cha sita na hakuna mwalimu aliyewahi kunieleza kitu hivyo. Povu la kandambili lina vijumba vidogo vidogo visivyohesabika, kila kimoja kimefungwa peke yake, hewa haitoki na maji hayaingii. Sponji vijumba vyake vimetobokana, hewa ya ndani inatembea, ukiilalia inakimbia, ikinyeshewa inajaa. Ulaini na joto havina undugu. Hilo ndilo ningependa mtu anayekwenda Moshi kesho alijue kabla hajafika kaunta.

Akanikopesha ile nusu. Nikamuuliza yeye atalalia nini. Akasema wao wako sita kwenye hema moja, wanapeana joto. Nilikataa, kwa mdomo. Mkono ulikuwa umeshaishika. Ile sauti ya dukani, hizo ni za wapagazi, ikanirudia pamoja na kicheko changu, na usiku ule nililala vizuri na vibaya kwa wakati mmoja. Alinionyesha pia namna ya kuitumia: iwe chini ya mabega na kiuno, miguu uiwekee begi la mgongoni likiwa tupu na nguo za akiba. Barranco, Karanga, mpaka kambi ya Barafu, zaidi ya mita 4,600, nusu matresi iliyotafunwa na panya ilinitosha. Niligusa kibao cha kilele cha Uhuru, mita 5,895, jua likiwa ndio linachomoza, nikalia kama kila mtu.

Tukishuka nikataka kuinunua. Akakataa. Alisema alipewa na mtalii miaka mingi iliyopita na imeshafika Barafu mara nyingi kuliko viongozi wengine. Nikampa bahasha yake mbali na ile ya kundi, na sitasema kiasi gani kwa sababu kila nikikumbuka naona ni kidogo.

Narudi dukani Moshi kurudisha vitu. Kijana yule yule, spika ile ile sikioni. Nikamweleza kwa upole, naapa kwa upole. Akaishika matresi, akaitikisa, matone yakaanguka kwenye vigae vyake. "Imerudi na maji hii. Tutaianika wiki nzima." Akakata shilingi elfu kumi na tano kwenye amana yangu. Yaani maji yaliyonitesa mimi nikalipishwa mimi. Nikapandisha sauti. Akatoa spika sikioni, mara ya kwanza tangu tufahamiane, akanitazama juu mpaka chini.

"Mzee. Umerudi mzima, si ndiyo? Umefika kileleni? Basi matresi imefanya kazi."

Sikuwa na jibu. Mpaka leo sina, na ndiyo sababu naandika. Nyota moja. Hapana, hata hiyo moja ni ya begi la kulalia.

Niliporudi Dar nilimwagiza mtu aje na matresi ya povu kutoka nje, ile inayokunjwa kama akodiani, uso wake kama trei ya mayai, upande mmoja unang'aa kama karatasi ya fedha. Huo unaong'aa unalaza juu, ukuangalie wewe. Nilichagua povu na si ya upepo kwa sababu ya upepo ikitobolewa na mwiba mmoja tu mambo yamekwisha, hii hata ukiikata vipande viwili una matresi mbili. Kwa baridi ya kweli unapanga mbili, moja juu ya nyingine, kinga inajumlishwa. Kasoro ziko: inachukua nafasi, na mifupa yangu ya umri huu inaihesabu ardhi yote. Umeme ulipokatika mwezi mmoja wa joto niliitandika sebuleni nilale chini nipate ubaridi. Kosa kubwa. Inafanya Dar kazi ile ile inayofanya Barafu, inakurudishia joto lako lote. Nikarudi kwenye sakafu tupu.

Majuzi nilimsindikiza mpwa wangu Moshi, anapanda na wenzake wa chuo. Ilikuwa Jumapili, maduka mengi yamefungwa, na lililokuwa wazi ni lile. Nilisimama nje kidogo. Kijana akaniona. "Shikamoo mzee wa matresi!" Kumbe ananikumbuka. Za sponji sikuziona tena ukutani. Zile za bluu zimepangwa mbele, kwa bei ya ile nene ya zamani, na kabla sijafungua mdomo akamgeukia mpwa wangu: "Kaka, chukua hii. Wazungu wanalalia hizi hizi."

Nikamwambia mpwa wangu apulize. Hewa haikupita. Tukalipa.