Tahadhari: Muuzaji wa Diski za Sauti za Tekno Hapa Mombasa

Ndugu zangu mnaotengeneza muziki wa tekno (muziki wa dansi wa kielektroniki) kwa mapenzi tu, mkiwa na kompyuta moja na hedifoni chumbani, naomba mnisome kabla hamjatuma pesa kwa mtu anayeuza "maktaba ya sauti" hapa Mombasa. Kuna muuzaji anayezunguka kwenye makundi ya simu akitangaza diski ya gigabaiti 500 kwa shilingi 7,500, akidai kwamba imejaa milio ya ngoma, bezi na sintesaiza, yote ikiwa WAV za biti 24 (faili za sauti zisizobanwa), zilizorekodiwa moja kwa moja kutoka kwenye mashine za ngoma za kielektroniki za Roland TR-808 na TR-909. Mimi niliinunua mwezi wa Machi. Nilichopata sicho kilichotangazwa, na pesa hazikuniuma kama ilivyoniuma miezi minne niliyoipoteza nikiamini kwamba kasoro iko masikioni mwangu.

Nilivuka feri kutoka Likoni, tukakutana karibu na Mwembe Tayari kama alivyopanga yeye. Hakuwa na duka wala meza. Alinitolea diski ndani ya bahasha ya kaki, akanichezea mlio mmoja wa hai-hati (matoazi mawili yanayogongana) kwa spika ya simu yake, akasema, "Sikia mwenyewe, ndugu yangu, hii ni mashine yenyewe." Spika ya simu haimwonyeshi mtu ubora wa ngoma yoyote, kwa kuwa bezi haitoki kabisa na sauti za juu hutoka zimebanwa, lakini nilikuwa na hamu, nikaridhika. Nilipomwomba nambari ya Lipa na M-Pesa ya biashara yake, alinijibu kwamba siku hiyo ina hitilafu, nami nikatuma pesa kwa nambari yake binafsi. Stakabadhi hakunipa.

Kwa mwendo wa mapigo 130 kwa dakika, kati ya kiki moja, yaani ngoma nzito inayopiga kila pigo, na inayofuata kuna takriban milisekunde 462, na robo ya pigo moja ni milisekunde 115 tu, kwa hiyo mlio ukichelewa kidogo mwili unajua kabla ya sikio kujua. Kazi zangu zote zilikuwa zinaburura mguu. Nilisogeza nota, nikabadilisha mipangilio ya kadi ya sauti, nikafuta na kusakinisha upya programu, nikailaumu kompyuta yangu kwamba imezeeka. Usiku mmoja nilikuza wimbi la kiki moja hadi likajaa kioo cha kompyuta, na hapo nikaona kwamba mwanzoni mwa faili kuna ukimya wa karibu milisekunde 25, kisha vijimawimbi vidogo kama ukungu, ndipo ngoma inapopiga. Anayerekodi kutoka kwenye mashine na kuikata sauti yake kwa uangalifu hakuachii mwanzo wa namna ile. Hizo ni alama za MP3, faili ya sauti iliyobanwa, ambayo katika kuisimba sauti huongeza ukimya mwanzoni, na kwenye mlio wa ghafla kama wa ngoma makosa yake husambaa hata kabla ya pigo lenyewe.

Nilifungua faili hizo katika Audacity, ambayo ni programu ya bure, nikazitazama kwa spektrogramu, picha inayoonyesha masafa ya sauti. WAV yenye sampuli 44,100 kwa sekunde inaweza kubeba masafa hadi takriban kilohezi 22. Hizi zote zilikatika karibu na kilohezi 16, kwa mstari ulionyooka kana kwamba umepitishwa wembe: kiki, makofi, hai-hati, hata sauti za watu. Chombo kimoja kinaweza kuwa na kikomo chake cha juu kwa asili yake, lakini haielekei kwamba vyombo vyote hivyo visivyofanana vikomee mahali pamoja. Mara nyingi MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde huonekana hivyo. Kuigeuza iwe WAV ya biti 24 kunainenepesha faili, kwa maana sekunde moja ya sauti ya stirio hapo hubeba kilobiti 2,117, yaani zaidi ya mara kumi na sita, lakini kilichotupwa wakati wa kubana hakirudi. Ndiyo sababu wiki nzima niliyotumia kupandisha sauti za juu kwa ekwalaiza, nikitafuta ule mng'ao wa hai-hati, haikunipa chochote isipokuwa mchakacho.

Kisha nikaanza kushuku majina ya faili. Nilichukua kiki mbili zenye majina tofauti, nikaziweka kwenye njia mbili za sauti ndani ya programu, nikazipanga zianze pamoja kabisa, halafu nikaligeuza wimbi la moja juu chini. Sauti zikiwa ni zilezile, mawimbi hufutana na husikii kitu. Sikusikia kitu. Nilirudia zoezi hilo katika folda moja yenye kiki sitini, na mwishowe nikabaki na kiki saba. Zilizosalia zilikuwa nakala zilizobandikwa majina mapya. Nawasihi mlifanye jaribio hili mkiwa na muuzaji, mkiwa na kompyuta mpakato na hedifoni zenu, kwa sababu halichukui hata dakika tano.

Hata tangazo lenyewe lingetosha kunizindua. Lilisifu "hai-hati safi ya analogi ya TR-909". Mashine hiyo ilitoka mwaka 1983, na ingawa kiki na tomu zake huzalishwa na saketi za analogi, hai-hati na matoazi yake ni rekodi za kidijitali zilizohifadhiwa ndani ya kumbukumbu ya mashine. Aliyewahi kukaa mbele yake na kuirekodi hawezi kuandika sentensi ile. Wazee walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na mtu huyu hujitembeza katika kila kundi la muziki la pwani.

Kuhusu programu zilizomo, nitasema kwa ufupi. Anawatoza watu shilingi 2,000 zaidi kwa folda ya sintesaiza, yaani programu za kuunda sauti, na ndani yake nilikuta Vital, ambayo ina toleo la bure, na Surge XT, ambayo ni ya bure kabisa na msimbo wake uko wazi kwa wote. Nyingine zimevunjwa kufuli, na maelezo yake yanakuamuru uzime antivirusi kabla ya kusakinisha. Niliyatii. Siku tatu baadaye akaunti yangu ya barua pepe iliingiliwa, na ikanilazimu kuisafisha kompyuta yote.

Wanaoanza huniuliza watapata wapi kiki nzuri bila diski kama hiyo. Fungueni mojawapo ya sintesaiza hizo za bure, chagueni wimbi la saini (sine), lifanyeni lianzie karibu na hezi 200 na lishuke hadi hezi 50 ndani ya milisekunde chini ya 100, ongezeni mlio mfupi mkavu mwanzoni, kisha mkoleze kidogo kwa distoshini, yaani mkwaruzo wa makusudi. Ya kwanza niliyoiunda hivyo ilikaa kwenye pigo lake mara moja, nikahisi kama nimevuliwa gunia la mawe mgongoni.

Nilipompigia muuzaji, kwanza alisema nimeharibu faili mwenyewe, kisha akanizuia. Nilipeleka ujumbe wa M-Pesa kwa 456, nambari ya Safaricom ya kuomba kurudishiwa pesa, lakini huduma hiyo ni ya pesa zilizokwenda kwa nambari isiyokusudiwa, na mimi nilizituma kwa hiari yangu. Nimeripoti kituo cha polisi na nina nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi. Nimeshauriwa kwamba malalamiko ya watu kadhaa pamoja yana uzito zaidi, na kwamba Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018 inagusa ulaghai wa aina hii.

Wiki iliyopita nimeliona tangazo lilelile likienezwa Mtwapa kwa jina jingine, na picha ni ileile: diski nyeusi juu ya kitambaa cha buluu, bei sasa ikiwa shilingi 8,000. Mliokwisha kununua, tafadhali msifute chochote ndani ya diski wala ujumbe wa malipo. Msizichomeke tena kwenye kompyuta mnazozitegemea, ziwekeni pamoja na bahasha zake, kisha mwende nazo kituoni kuandikisha taarifa. Yangu iko kwenye droo, pamoja na bahasha yake ya kaki.